Mwanangu alinificha maneno ya daktari wa meno

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga. Kabla ya kuja huku nilifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka 11. Mwaka juzi mume wangu alipata kazi Japani, kwenye kiwanda cha vipuri vya magari mkoa wa Aichi, tukahamia mji mdogo ulio mwendo wa dakika 40 kwa treni kutoka Nagoya. Tuna binti mmoja wa miaka 10, anasoma shule ya serikali ya hapahapa. Yeye Kijapani amekinywa kama maji. Mimi nimebaki na salamu, bei za dukani na asante.

Mwezi wa pili gego langu la chini upande wa kushoto lilianza kupwita usiku, usingizi ukakata. Nilijiambia kwamba hii ni nchi iliyoendelea, daktari yeyote atajua Kiingereza. Nikaenda kliniki ya karibu na stesheni, maelezo yangu nimeyapanga kichwani kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Dada wa mapokezi akainama, akatabasamu, akanipa fomu yenye kurasa mbili, herufi zao tupu. Akaanza kuzungumza, sikuambulia hata neno. Nilirudi nyumbani na jino langu. Kesho yake nilikwenda na binti yangu alipotoka shule.

Tangu siku hiyo yeye ndiye ulimi wangu. Fomu aliijaza yeye, amepiga magoti mbele ya meza ndogo, ananiuliza kwa Kiswahili watu wakiwa wamekaa: "Mama, wanauliza kama una mimba. Wanauliza kama una ugonjwa wowote." Mama, kuna mambo mtoto hapaswi kumuuliza mzazi wake. Nilimjibu hapana kwa yote, hata pale ambapo jibu halikuwa hapana. Ninatumia dawa za presha, na yeye hajui.

Daktari mwenyewe ni kijana mpole, sina ubaya naye. Alinipiga picha ya eksirei, binti akatafsiri: jino limeoza hadi kwenye mishipa, atalisafisha ndani. Sasa nimekwenda mara tano. Kila mara ni nusu saa au pungufu: anakwangua, anatia dawa, anaziba kwa muda, njoo wiki ijayo. Nyumbani ningezibwa au kung'olewa siku moja na mambo yakaisha. Kila safari nalipa yeni 1,400, mara nyingine 2,000 na ushei, si nyingi, lakini nimeanza kuhisi nazungushwa.

Mara ya tatu niliumia sana. Huku wanakufunika uso kwa taulo lenye tundu la mdomo, huoni kitu. Daktari akauliza "Daijobu desu ka?", yaani uko sawa? Neno hilo nalijua, nikajibu "daijobu". Akaendelea. Akauliza tena, nikajibu vilevile. Tulipotoka binti yangu akaniambia: "Mama, ulikuwa unaumia. Nimeona vidole vya miguu yako vinajikunja ndani ya soksi."

Mara ya tano daktari alizungumza na mtoto kwa muda mrefu, akachora kitu, akampa karatasi. Binti akaniambia: "Anasema linaendelea vizuri, tuje Jumanne." Nilifurahi. Jumapili mume wangu aliikuta karatasi ile kwenye mkoba, akaisomesha simu yake. Kumbe imeandikwa kwamba usaha kwenye mzizi hautaki kukauka, na usipopungua kwa safari mbili zijazo jino litang'olewa. Likipona, nichague kofia ya jino: ya madini ya rangi ya fedha kwa bima, au ya kauri kwa yeni 120,000 kutoka mfukoni.

Mama, nilimfokea mtoto. Nilimwambia amenidanganya. Akalia, akasema: "Nilijua utaogopa. Si ulitusimulia?" Ni kweli nilisimulia. Nilipokuwa na miaka 12 niling'olewa jino ganzi haijashika, nimeshikwa na watu watatu. Nyumbani tunaisimulia hadithi hiyo kama kichekesho.

Tangu hapo mtoto amepoa. Amemwambia baba yake kwamba hataki kwenda kliniki tena, lakini mimi nikimuuliza anasema atakwenda. Mume wangu anataka nihamie kliniki moja ya Nagoya inayohudumia kwa Kiingereza. Aliuliza bei, tiba ya mzizi na kofia inapita yeni 250,000, bima haigusi. Shoga yangu mmoja ananishauri nivumilie hadi Agosti tukienda likizo, nikang'oe nyumbani. Mimi natamani nisirudi kokote. Jumanne nina miadi na sijui niende na nani. Na huyu mtoto, amenikosea au mimi ndiye niliyemkosea?

Mwalimu asiye na ulimi, Aichi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa jino, na pole zaidi kwa hayo yanayokuuma nje ya jino.

Miaka ya tisini niliishi Yokohama, mume wangu akiwa masomoni, na kiti hicho nimekilalia. Taulo lenye tundu nalikumbuka, na zile ndala za mlangoni zisizotosha mguu wa mtu mzima. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyepita njia hiyo, ingawa binti yangu wakati ule alikuwa bado wa kubebwa mgongoni na hakuwa na umri wa kunisemea.

Nikiisoma barua yako naona mambo matatu yamefungwa kwenye kitambaa kimoja. Kuna jino lenye tiba iliyofika katikati. Kuna lugha. Halafu kuna mtoto aliyepewa habari mbaya ya mama yake kabla ya mama mwenyewe, akabaki nayo siku kadhaa peke yake. Wewe umeuliza uende kliniki gani na uende na nani. Mimi ningependa tukae kidogo na hili la mtoto, lakini jino halingoji, basi tuanze nalo.

Unahisi unazungushwa. Hisia hiyo naielewa, nami niliwahi kuwa nayo, hadi jirani yangu aliponifundisha kusoma risiti. Itazame ya kwako: utaona namba za pointi. Pointi moja ni yeni 10, na wewe mwenye bima unalipa asilimia 30 yake. Pointi za kila kazi hupangwa na serikali, na ni zilezile kutoka Hokkaido kaskazini hadi Okinawa kusini. Daktari wako hawezi kujipandishia bei ya kukwangua mzizi, na bei yenyewe ni ndogo. Ndiyo maana kliniki nyingi hupanga wagonjwa wa nusu saa nusu saa, na mzizi mmoja ukaenda wiki nyingi. Mzizi wenye usaha nao una ukaidi wake: unasafishwa, unatiwa dawa, unafunikwa, unafunguliwa tena kuona kama umekauka. Sikuambii kwamba daktari wako ni hodari kuliko wengine, sijui. Ninachosema ni kwamba kukuita mara tano peke yake hakuthibitishi hila. Na tazama alichofanya siku ile ya tano: alikaa, akachora, akaandika kwenye karatasi kwamba huenda akashindwa. Mtu anayekuzungusha mara nyingi haandiki hivyo.

Kuhusu kuacha hadi Agosti, shoga yako anakutakia mema, ila nisingetulia moyo. Kile alichokuzibia ni kizibo cha muda, hulegea. Kikilegea, mate na chakula vinaingia kwenye mzizi uliokwisha kufunguliwa, na uchafu unarudi palepale ulipotolewa. Jino lenyewe limechimbwa, limebaki kuta nyembamba, laweza kupasuka ukitafuna mfupa wa samaki. Na ukiona taya linavimba, au homa inapanda, au mdomo unashindwa kufunguka, hilo si la kungojea miadi wala likizo, ni la siku hiyohiyo. Ukiamua kwamba jino hili ling'olewe, ni haki yako, jino ni lako. Lakini hata kung'olewa kunaweza kufanyika hukohuko kwa bima, na ganzi ikiwa imeshika. Jiulize kama unataka kung'oa kwa sababu ndiyo tiba uitakayo, au kwa sababu ndiyo isiyohitaji mazungumzo.

Sasa hiyo kliniki ya Nagoya. Faida yake naiona: ungelala kwenye kiti ukamwambia daktari habari za presha, za ganzi, za ile siku ya miaka 12. Hilo lina thamani, na kama pesa ipo bila kuumiza nyumba, sikukatazi. Ila mume wako ameuliza kliniki moja, nanyi mkachukulia kwamba Kiingereza ndicho kinachogharimu yeni 250,000. Kiingereza na bima ni vitu viwili mbalimbali. Wapo madaktari wa meno wanaozungumza Kiingereza na wanaopokea bima ya kawaida, hasa miji mikubwa. Japani ina kliniki za meno nyingi kuliko yale maduka madogo ya saa 24 yaliyo kila kona, na kuhama si kosa la adabu. Ukihama utalipa tena ada ya mgonjwa mpya, pengine na eksirei nyingine, na daktari mpya ataanza kuuchunguza mzizi kwa macho yake. Pima hilo pia. Hospitali kubwa za meno nazo zipo, lakini hizo ni vizuri uende na barua ya rufaa kutoka kwa huyu wa sasa, maana nyingi hutoza ada ya ziada kwa anayejileta mwenyewe.

Kabla hujahama, hebu nikuulize swali la mwalimu kwa mwalimu. Umejaribu kumwandikia? Umesema Kiingereza chako hakikufaa kitu. Ulichojaribu ni Kiingereza cha kusema, na pale mapokezi tu. Wajapani wengi wamesoma Kiingereza shuleni kwa miaka. Kukisema wanaona haya, kukisoma wanaweza kuliko unavyodhani. Na madaktari wa meno hata huyaita matundu kwa herufi ya Kiingereza, C1 hadi C4 kadiri jino linavyooza. Lako, kwa maelezo uliyonipa, naona liliitwa C3, lile lililofika kwenye mishipa. Wewe una mkono wa ubaoni, miaka 11. Herufi kubwa zilizotengana, sentensi fupi, hoja moja kila mstari: natumia dawa ya presha, jina lake hili. Niliumia mara ya tatu. Naogopa kung'olewa. Tafadhali nijibu kwa maandishi. Jibu lake la Kijapani utalipiga picha na simu italisoma, kama alivyofanya mume wako Jumapili. Simu hukosea, kwa hiyo jambo kubwa kama kung'oa usilikubali kwa simu peke yake. Lakini ungekuwa umetoka kwenye giza la taulo.

Na hilo la presha, mwanangu, nakuomba lisifike wiki nyingine bila daktari kulijua. Ganzi nyingi za meno huchanganywa na dawa inayobana mishipa, nayo huweza kugusa moyo na presha. Daktari akijua, anapima, anachagua, anapunguza. Asipojua, anakwenda na ule uongo uliotoka kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa halali kabisa. Huko maduka ya dawa hutoa kijitabu kinachobandikwa kila dawa unayotumia, huitwa okusuri techo. Kama dawa zako unazipata hukohuko Japani, huenda unacho tayari nyumbani. Kukiweka juu ya kaunta hakuhitaji neno hata moja, na binti hahitaji kukisoma.

Mkalimani mtu mzima naye yupo, pengine karibu kuliko mnavyofikiri. Mkoa wenu wa Aichi una mfumo wake wa wakalimani wa tiba, na Kiingereza kimo. Wanaoomba ni kliniki na hospitali zilizojiandikisha, mgonjwa haombi mwenyewe, kwa hiyo mume wako angeweza kupiga simu kliniki akauliza kama wamo. Ukumbi wa mji au chama cha mahusiano ya kimataifa cha mji wenu nao huweza kukuelekeza. Fomu za maswali ya tiba kwa lugha nyingi, ya meno ikiwemo, zipo pia mtandaoni bila malipo. Zile za mkoa wa Kanagawa zina Kijapani na Kiingereza pamoja, unaweka alama, unampa. Hatari ya njia hii ni kwamba haiendi kwa kasi ya Jumanne. Huenda safari hii moja ukalazimika kwenda na mume wako akiomba ruhusa kazini, au peke yako na karatasi yako.

Nije kwenye lile neno lililonifanya niiweke barua yako chini nikatazama dirishani. Daijobu. Daktari alikuuliza, ukajibu, na hukukosea tafsiri. Ulijibu kama tulivyolelewa. Kwetu mtu akiwa na homa ya kutetemeka ukimwuliza hujambo, atakwambia sijambo kwanza, halafu ndipo aseme kichwa kinampasuka. Ile sijambo ni adabu, inamwachia mwulizaji nafasi ya kuuliza tena. Daktari wa Kijapani hajui kwamba nyuma ya neno lako kuna sentensi ya pili. Lakini huko kuna desturi nyingine nzuri: mgonjwa akiumia huinua mkono wa kushoto, na madaktari wengi huiomba wenyewe kabla ya kuanza. Mkono ukipanda, mashine inasimama. Ukitaka maneno, "itai" ni inauma, na "masui" ni ganzi. Hayo mawili na mkono wako vinatosha ndani ya taulo. Najua mkono utakuwa mzito mara ya kwanza. Wangu ulikuwa mzito.

Aliyeisikia sentensi yako ya pili ni binti yako. Aliisoma kwenye soksi.

Umeuliza nani kamkosea mwenzake. Sina hakika kama swali hilo linamtosha mtoto huyu. Mtazame pale alipokaa: daktari, ambaye huko huitwa sensei, jina lilelile analomwita mwalimu wake wa shule, anamwambia kwamba jino la mama litang'olewa. Analijua neno hilo kwa lugha mbili. Nyumbani amekuwa akisikia hadithi ya watu watatu na ganzi isiyoshika, ninyi mnaichekea, yeye hakuwahi kuiona kichekesho. Dakika mbili, aseme au asiseme. Akachagua kuubeba mzigo yeye. Uongo ni uongo, na sikuambii ujifanye haukutokea. Ni kweli ungeweza kukosa uamuzi wa mwili wako mwenyewe. Lakini wakalimani wa hospitali hufunzwa namna ya kupitisha habari mbaya bila kuipunguza, na kwa watu wazima bado ni kazi nzito.

Ninaogopa pia upande wa pili. Ukimwondoa ghafla, baada tu ya kumfokea, atasoma kwamba amefukuzwa kazi kwa kosa. Watoto wa aina yake huona fahari kuwa ulimi wa nyumba. Anapokusomea bei ya mchicha, au tangazo la takataka za Alhamisi, ananyanyuka kimo. Huenda hilo mngeliacha libaki, mkatenganisha: ya dukani na ya shuleni tunasaidiana, ya mwili wa mama ni ya watu wazima. Anamwambia baba hataki na kwako anaitikia. Nadhani umeshaijua hiyo ni sijambo ya nani. Ukizungumza naye usianze na karatasi. Pengine anza na vidole vya miguu. Mwambie aliona kweli, uliumia, na ulisema huumii.

Usiku wa Jumatatu mnaweza kuketi wawili mezani, wewe uandike karatasi yako kwa Kiingereza, yeye akufundishe kutamka masui vizuri, basi, kazi yake iishie hapo. Jumanne akitaka kuja aje na kitabu chake, akae kwenye benchi la mapokezi asiingie ndani, na asipotaka abaki kwa jirani. Ukitoka, mkiwa njiani kwenda stesheni, wewe ndiye umtafsirie daktari alisema nini, hata ikiwa alisema linang'olewa.